Mafuta Hununuliwa Mchana

(Mazungumzo ya redio, yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji walioyaomba)

Somo: Mathayo 25:1–13

Ninyi wa kwetu, tangu Londiani na Kipkelion mpaka Litein, Sotik, Bomet na Longisa, twawaambia: Chamgei! Twajua kwamba wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni karibu na moto, na wengine mmerudi sasa hivi kutoka kituo cha kununulia majani, na vikapu vyenu bado vimelowa. Karibuni, tuketi pamoja kwa muda mfupi.

Leo twaanza na jambo la dukani, kisha tutalipeleka mbele ya Neno la Mungu.

Sisi wa nchi ya majani chai twaijua mvua. Asubuhi jua huwaka vizuri. Adhuhuri mawingu hukusanyika. Ikifika saa tisa au saa kumi mvua inanyesha, mara nyingi pamoja na radi, na mara nyingine ni mvua ya mawe inayopasua majani shambani. Mkaratusi mmoja ukianguka juu ya waya, vijiji vitatu vimo gizani. Wala si sisi peke yetu. Mwakumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipopanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona! Tena Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Nairobi ukaingia gizani. Usiku ule tajiri na maskini walipapasa kabatini wakitafuta mshumaa.

Baada ya usiku huo, sisi katika kanisa letu tulisema, "Yatosha." Tulikubaliana kununua sanduku la betri. Labda wengine hamjaliona. Ni sanduku lenye mpini, ndani yake mna betri kubwa, na mbele yake mna soketi kama zile za ukutani. Halitoi moshi wala kelele kama jenereta, wala halitaki petroli. Hujazwa kwa stima ya ukutani au kwa paneli ya sola, kisha hubebwa mpaka kambini, au mpaka nyumbani kwa mgonjwa.

Sababu zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kambi ya vijana ya mwezi wa Agosti, ambayo hulala katika mahema mahali pasipo na stima. Ya pili ilikuwa mama mmoja mzee wa kanisa letu. Sisi humwita Kogo, yaani nyanya. Miaka mingi ya moshi wa kuni ilikuwa imeharibu mapafu yake, na hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti moja, kwamba atumie mashine ya oksijeni. Mashine hiyo hutegemea stima. Stima ikikatika, nayo yanyamaza.

Basi bonasi ya Oktoba ilipolipwa, kila nyumba ilileta mchango wake. Wengine walileta nyingi, wengine kidogo. Kogo mwenyewe alituma bahasha kwa mkono wa mjukuu wake.

Tulipofika dukani, vijana walipenda sanduku moja mara moja. Lilikuwa jepesi, lina rangi nzuri, na ubavuni limeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyotazamia, nasi tukawa tayari kulipa. Lakini tulikuwa na ndugu mmoja fundi, ambaye kazi yake ni kufunga stima katika nyumba za watu. Akauliza, "Hiyo elfu moja ni elfu moja ya nini?"

Hakuna aliyejua. Fundi akatueleza kwa mfano ambao hatujausahau. Alisema, "Fikirini pipa la maji lenye bomba. Wati ni upana wa bomba. Wati-saa ni ukubwa wa pipa. Hili limeandikwa upana wa bomba lake. Ukubwa wa pipa umeandikwa chini, kwa herufi ndogo." Tukaligeuza sanduku, tukasoma: wati-saa 500.

Akatufanyia hesabu juu ya karatasi. Sanduku hupoteza sehemu ya nguvu zake linapogeuza nguvu ya betri kuwa stima ya ukutani, kwa hiyo katika wati-saa 500 tuhesabu 425 hivi. Taa ya wati 10 ingewaka zaidi ya saa 40. Simu ishirini na tano zingejazwa. Kipaza sauti na spika zinazokula wati 100 zingefanya kazi saa nne. Lakini mashine ya Kogo yala wati 350 hivi. Kwake yeye sanduku lile lingedumu saa moja na dakika kumi tu. Na njia ya kutoka kwake mpaka hospitalini, wakati wa matope, yachukua saa moja na zaidi.

Karibu na sanduku lile palikuwa na jingine, zito zaidi na ghali zaidi. Nalo bomba lake lilikuwa wati 1,000, lakini pipa lake lilikuwa wati-saa 1,000. Hilo lingempa Kogo saa mbili na zaidi kidogo. Si usiku mzima, lakini ni nafasi ya kutafuta gari na kufika hospitalini.

Fundi aliuliza mambo mengine pia, nasi twayataja kwa faida ya yeyote anayefikiri kununua. Betri ni ya aina gani? Ile ya lithiamu yenye chuma na fosfati huvumilia kujazwa na kumalizwa mara elfu kadhaa, lakini aina nyingine za lithiamu huanza kuchoka baada ya mara mia kadhaa. Je, stima yake ni ya volti 240 kama yetu? Masanduku yaliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutoa volti 120, nayo hayafai mashine zetu. Je, stima inayotoka ni laini kama ile ya ukutani? Mashine za wagonjwa hazitaki stima ya kukwaruza. Je, lina alama ya ubora ya KEBS, na dukani watatupa risiti na waranti ya maandishi? Na birika la stima tulisahau kabisa, kwa maana birika moja laweza kula wati 2,000, na bomba letu ni nusu ya hizo.

Tulikumbuka maneno ya Bwana katika Luka 14, juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Tulirudi nyumbani, tukachanga tena, tukanunua lile zito. Tulifurahi sana. Jumapili tuliliweka mbele ya kanisa, tukaliombea, tukapiga makofi.

Ndugu wasikilizaji, kama mazungumzo haya yangeishia hapo, tungekuwa tumewafundisha kununua tu. Lakini tuna jambo la kuungama.

Agosti mwaka uliofuata, yaani 2024, tulilipeleka sanduku kambini. Lilifanya kazi njema. Asubuhi tuliitandaza paneli ya sola kabla mawingu hayajakusanyika, na usiku mahubiri yalisikika mpaka hema la mwisho. Vijana kadhaa walimpa Bwana maisha yao, nasi twamshukuru Mungu mpaka leo. Lakini simu zilikuwa nyingi, na usiku wa mwisho palikuwa na filamu. Kabla filamu haijaisha sanduku lilizima. Watu walicheka, wakaimba gizani, wakalala. Kesho yake tulikunja mahema, tukarudi, na sanduku likawekwa katika kabati la ofisi ya kanisa.

Mchungaji alidhani kiongozi wa vijana amelijaza. Kiongozi wa vijana alidhani mweka hazina, mwenye ufunguo wa ofisi, amelijaza. Mweka hazina alidhani mlinzi amelijaza. Mlinzi hakuambiwa neno na mtu yeyote. Soketi ya ukutani ilikuwa hatua mbili kutoka kabati lile.

Juma la tatu, sisi wazee tulikuwa katika kikao jioni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa kumi. Radi ikapiga, stima ikapotea. Tukawasha tochi za simu, tukaendelea na ajenda. Twasema kwa aibu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya nyumba ya Kogo. Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa mjukuu wake, ameletwa na bodaboda, maji yakimtiririka. Akasema, "Wazee, Kogo anashindwa kupumua. Mama amesema nije nichukue sanduku."

Tulikimbia ofisini. Tukafungua kabati, tukalitoa sanduku, tukabonyeza swichi. Kioo chake hakikuwaka. Tukabonyeza tena. Tukabonyeza tena, kama kwamba kubonyeza kungeweza kulijaza. Kijana yule alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. Hatukuwa na neno la kumwambia.

Mzee mmoja alikuwa na pikapu. Tulifika kwa Kogo, tukamkuta ameketishwa wima kitandani, binti yake anampepea kwa kanga, midomo imebadilika rangi. Tukambeba. Barabara ya chini ilikuwa matope matupu, na mara mbili tulishuka kusukuma gari. Hatutaisahau sauti ya pumzi yake njiani. Hospitalini walimpokea, wakamwekea oksijeni, na kulipokucha alikuwa hai.

Wengine walitaka tulisimulie jambo hilo Jumapili kuwa ni muujiza. Sisi wazee tulikataa. Rehema ilikuwa ya Mungu, nasi twamsifu. Uzembe ulikuwa wetu. Haifai kuufunika uzembe wetu kwa sifa za Mungu.

Aliporudi nyumbani tulimwendea, wazee wote, tukamwomba msamaha. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Je, sasa mmelijaza?"

Hakuuliza zaidi ya hapo. Twamshukuru Mungu kwamba siku ile tuliweza kumjibu, "Ndiyo, Kogo."

Sasa tulitazame somo letu. Wanawali walikuwa kumi. Wote walialikwa. Wote walikuwa na taa. Wote walitoka kumlaki bwana arusi. Na bwana arusi alipokawia wote walisinzia, wenye busara na wapumbavu pia. Mtu aliyepita njiani akawaona wamelala hangeweza kujua nani ni nani. Taa huonekana, lakini mafuta yaliyomo hayaonekani. Hivyo ndivyo sanduku letu lilivyokuwa. Rangi yake ilikuwa ile ile, mpini wake ule ule. Tungewaonyesha wageni na kusema, "Hili ni sanduku la kanisa letu," nao wangetusifu.

Wengi hutuuliza kwa nini wale watano wenye busara hawakuwagawia wenzao. Je, si uchoyo? Zamani hata sisi tuliona neno hili kuwa gumu. Usiku ule tulilielewa. Tulimpenda Kogo usiku ule kama tulivyompenda mchana. Tulikuwa tayari kumpa chochote. Lakini upendo wetu haukuweza kutia hata wati moja ndani ya betri ile, maana stima yenyewe ilikuwa imekwisha kupotea. Kuna vitu ambavyo haviwezi kupatikana saa ile vinapotakiwa. Huwekwa kabla, au havipo. Wale watano wapumbavu walikwenda kununua mafuta. Walirudi wakakuta mlango umefungwa.

Sisi wa Kericho na Bomet tusijifanye hatulijui jambo hili. Kiwanda cha majani chai hulijua. Jani likishachumwa halingoji. Likikaa hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo kiwanda huwa na jenereta yake, tayari kwa saa ile stima itakapokatika. Tungewacheka wenye kiwanda wakianza kutafuta dizeli wakati majani yamekwisha kujaa ndani. Mbona basi twajali jani kuliko mtu?

Tena, Mungu hakuliacha jambo la taa liwe la mtu yeyote tu. Someni Mambo ya Walawi, sura ya 24. Taa ya hekalu la hema iliwekwa chini ya mkono wa Haruni, aitengeneze tangu jioni hata asubuhi daima, na watu walileta mafuta safi kwa ajili yake. Kazi ile ilikuwa na jina la mtu. Kazi yetu haikuwa na jina. Ilikuwa kazi ya kanisa lote, na kazi ya kanisa lote mara nyingi haifanywi na mtu hata mmoja.

Kwa hiyo tulifanya mambo manne, na yeyote apendaye na ayaige. Kwanza, tuliandika majina mlangoni, na kila Jumamosi asubuhi mwenye zamu hulifungua kabati, hutazama kioo, hulijaza sanduku ikiwa limepungua, kisha hutia sahihi. Pili, tulikata shauri kwamba likifika nusu kambini, simu na filamu zikome. Sehemu iliyobaki si ya burudani. Tatu, tuliandika nyumba zote zenye mgonjwa anayetegemea stima, na stima ikipotea mzee mmoja hupiga simu huko kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Nne, kwa shauri la daktari, jamaa ya Kogo iliweka mtungi wa oksijeni wa akiba nyumbani, kwa maana hata sanduku lililojaa lina mwisho wake.

Ndugu msikilizaji, na moyo wako je? Labda wewe una taa nzuri. Umebatizwa, unaimba katika kwaya, Biblia yako ina jalada la ngozi. Lakini ni lini mara ya mwisho ulipoketi na Neno la Mungu siku ambayo hukuwa na shida? Usiku huja kwa kila nyumba. Huja kwa simu ya saa nane kutoka hospitalini. Huja kwa mtoto aliyekuwa tumaini lenu, akaacha shule akapotelea mjini. Huja kwa mume anayerudi na barua ya kufutwa kazi. Hatusemi kwamba Mungu hasikii kilio cha usiku. Husikia, nasi tulimlilia barabarani katika matope, akatuhurumia. Lakini jirani yako anapokuja mlangoni akilowa, akitafuta neno la kumshika mkono, utampa nini ikiwa hukuweka kitu mchana?

Na tusisahau kwamba sanduku halina nguvu zake lenyewe. Hutunza kile lilichopewa. Pale Tenwek, karibu na Bomet, ndugu zetu wa hospitali walijenga mtambo wa umeme katika miaka ya 1980, penye maporomoko ya mto Nyangores. Mto ule hatukuuumba sisi, wala hauchoki kwa sababu sisi tumechoka. Kristo ndiye kijito chetu. Kazi yetu ni kuunganishwa naye kila siku, asubuhi njema na asubuhi mbaya, ili giza likifika awepo mtu mwenye kitu cha kutoa.

Kogo yu hai mpaka leo. Kila tukimtembelea hutuuliza swali lile lile kabla hajatupa chai. Sisi nasi twawauliza ninyi: Je, mmelijaza?

Na tuombe.

Ee Baba yetu, tusamehe kwa taa tulizozipenda na mafuta tuliyoyasahau. Wakumbuke usiku huu wagonjwa wote wanaopumua kwa msaada wa mashine, na wale wanaowalinda. Utufundishe kufanya kazi ndogo za mchana, ambazo hakuna azionaye ila wewe. Na Mwana wako ajapo, atukute tukiwa na nuru. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.